Jerikani la lita 20 limewazidi wazee

Kazi za nyumbani zinapoanza kuwashinda wazee wetu hapa Uganda, hutafutiwa mjukuu wa kuwasaidia. Ni jambo jema, lakini muhula ukifunguliwa mjukuu anarudi shule, na kazi inawabakia babu na bibi na uzito wake uleule. Kwa maoni yangu, tubadilishe kazi yenyewe, tena wao wawili wakiwa bado na nguvu.

Anzeni na maji. Jerikani la lita 20 likijaa lina zaidi ya kilo 20, na mgongo huumizwa hasa na kuinama kulinyanyua. Nunueni majerikani matatu ya lita 5 na pipa la lita 100 lenye koki. Kijana wa bodaboda alijaze, au msimu wa mvua lipokee maji ya bati. Pipa likae juu ya jukwaa la matofali na saruji. Meza ya mbao haifai, kwa sababu pipa likijaa linapita kilo 100. Koki iwe sentimita 80 kutoka chini, na chini yake pawe na benchi la sentimita 40, ili jerikani dogo lijazwe na kubebwa bila mtu kuinama. Wengi huinua pipa, wakasahau benchi.

Choo cha shimo kiwekewe kiti cha mbao kilichotobolewa, kimo sentimita 45. Kishikio msikipigilie misumari kwenye ukuta wa udongo. Kitang'oka siku mzee anapokiegemea kwa nguvu zote. Chimbieni nguzo, futi 2 ardhini. Usiku, ndoo yenye mfuniko chumbani ni salama kuliko kutoka gizani, wala si aibu.

Sigiri nayo iinuliwe juu ya matofali, na sufuria kubwa iwekwe kando hadi wageni waje.

Lililo gumu zaidi ni babu na bibi kubadilishana kazi. Mama ajue hati ya shamba ilipo na namna ya kutoa pesa kwenye simu. Mzee ajue kuwasha sigiri na kumenya matoke: aketi, apake mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande. Wafanye hivyo wiki moja kila mwezi. Mwanzoni mzee ataondoa nusu ya ndizi pamoja na maganda. Mama asimnyang'anye kisu.