Hendipisi ya leza haipuliziwi mafuta

Juzi niliitwa kwenye kliniki moja ya meno, leza yao "imeishiwa nguvu". Daktari alikuwa ameshaipandisha mara tatu na jino bado halikatiki. Nikafungua hendipisi, yaani kile kishikio ambacho daktari hukielekeza kwenye jino, nikachomoa kioo cha kinga, kile kiduara kidogo kama kidonge, nikakiinua dirishani. Katikati palikuwa na doa la kahawia lenye ukingo mweusi, kama sufuria iliyounguziwa maziwa. Nikanusa hendipisi yenyewe. Mafuta ya turbini, ile drili ya kawaida ya meno!

Dada anayesafisha vifaa hakuwa mzembe. Amefundishwa miaka yote kwamba hendipisi ikitoka kwa mgonjwa inafutwa, inapuliziwa mafuta, inaingia otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Kwa turbini ni sawa kabisa, maana beringi zake huzunguka mamia ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Hendipisi ya leza haina kinachozunguka. Ndani ni vioo na lenzi, na tone la mafuta likikaa njiani mwa mwanga linaungulia hapo hapo. Ukiongeza nguvu, unazidi kukikaanga kioo. Unyevu nao si rafiki: ikitoka otoklevu, iache ikauke kabisa kabla ya kuichomeka.

Ndiyo maana daktari akiniuliza, "Fundi, ninunue leza gani?" nami humuuliza nani ataisafisha jioni. Wauzaji hupenda kusifia wati. Mimi nataka kujua kioo cha kinga ni bei gani, na kikiungua leo nitakipata lini. Na hendipisi ziwe mbili, la sivyo mgonjwa wa pili atasubiri otoklevu.

Leza za erbiamu, zile za nanomita 2940, hukata jino kwa sababu maji yaliyomo ndani yake hunyonya mwanga huo. Hendipisi zake ni za namna mbili. Isiyogusa humulika kutoka milimita kadhaa. Ni ya haraka na haina ncha za kununua kila mara, lakini mkono uliozoea kulisikia jino unabaki gizani, na ukisogea nyuma kidogo tu makali yanapotea. Yenye ncha ya safaya au kwatzi ni ya polepole, na ncha huchakaa. Kwa anayeanza ningechagua hii ya pili, maana ncha iliyolika unaiona kwa macho kabla mgonjwa hajakaa kitini. Leza za dayodi ni za fizi, enameli haziigusi; na ncha iliyoandikwa ya kutumia mara moja itupwe, hilo sina mjadala nalo.

Maji pia yaangaliwe. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi huziba vitundu vya kunyunyizia. Mnyunyizo ukikatika, jino linapata moto. Weka maji yaliyotoneshwa.

Basi nikaweka kioo kipya. Nikamwonyesha dada jinsi ya kukikagua kila asubuhi kwenye mwanga, na kukifuta kwa spiriti na kijiti safi kisichoacha nyuzi. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika MAFUTA MARUFUKU kwenye plasta, akaibandika kwenye trei. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kuhusu ile nyingine iliyoko kabatini. Ijumaa aliipulizia nayo.