Tulienda kuangalia motokari za zamani, njo tukaangaliwa sisi

Mimi nasema hivi: kama unataka kufanya maonyesho ya motokari za zamani mu Lubumbashi, usianze na mahema wala muziki wala banderole, anza na kujua nani amekuya kuonyesha na nani amekuya kuangalia, ju kwetu hapa hao batu wawili banaendesha motokari ya rika moja. Benye kutengeneza ile siku hawakufikiria hiyo. Njo tulikufa.

Ilikuwa siku ya posho, ile Jumamosi, mwezi wa kumi na moja, mvua ilinyesha usiku muzima. Ndugu yangu mudogo alikuwa anatoa mahari kule komini ya Katuba saa nane, na famiya ya binti ilishatuambia mapema kama saa nane yao ni saa nane, mukichelewa munalipa amande, ile faini. Usafiri ulikuwa wa Mujomba, Peugeot 504 break, ile ndefu ya viti safu tatu, karte roze, kadi ya motokari, inasema 1979. Hii motokari usiichukulie mchezo, imebeba maiti, imebeba mabibi harusi, imebeba makala ya kupikia, na kuna siku moja ilibeba bibi harusi na makala pamoja na hakuna mutu alilalamika. Ile asubuhi nyuma kulikuwa kasie (kreti) za bia ya Simba, kasie za sukare, mufuko wa unga, bitenge, na kwenye kiti cha katikati Tantini wetu, dada ya baba, super wax mupya, kilemba cha ghorofa mbili, na ambulopu, bahasha ya mahari, iko ndani ya sakoshi, sakoshi iko ndani ya kwapa.

Tulitoka Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, si ile inchi, mapema sana. Hiyo njo ilileta shida, Mujomba akiwa na muda wa ziada anakuwa mutu wa hatari.

"Kuna motokari za zamani banaonyesha kwenye kiwanja cha shule, tupiteko dakika kumi tu."

Tantini akamwambia, "Semeki (shemeji), motokari ya zamani si unaiangalia kila asubuhi ukifungua mulango ya parsele? Unatafuta nini tena?"

Lakini dereva ni dereva.

Tukafika, mulango ni mumoja. Mumoja! Benye kuonyesha banaingilia pale, benye kulipa banaingilia pale, mama wa sambusa anaingilia pale na beseni yake, kamyo ya jenereta iko pale inarudi nyuma, na katikati kulikuwa busi moja ya kwenda komini ya Ruashi yenye haikuwa na habari yoyote na maonyesho, ilikuwa tu inatafuta njia ya kukwepa ba rulaje, polisi wa barabara. Kila mutu anapiga klakson, na klakson za zamani unazijua, zingine zinakohoa, zingine ukizianzisha hazinyamazi.

Mpango wao ulikuwa umechorwa kwenye karto na kufungwa kwenye mti. Wageni baparki kiwanja cha chini, benye kuonyesha bapande juu kwenye sement karibu na madarasa. Mpango muzuri. Shida yake ni moja tu, ulichorwa kabla ya mvua, na kiwanja cha chini ni ule udongo wetu mwekundu, ukikauka unakuwa vumbi mpaka ndani ya meno, ukilowa unakula kiatu na mwenye kiatu.

Kwenye mulango kulikuwa kijana mwenye gile ya kung'aa na firimbi. Akaangalia 504. Akaizunguka. Akagusa taa ya mbele kwa heshima, nikasema ndani ya roho huyu anataka nini. Kumbe alishaamua.

"Papa, panda juu! Za zamani zote juu!"

Mujomba akajaribu kushusha kioo, kile kioo kinashuka nusu tu na kinasimama, akaongelea pale kwenye nusu: "Kijana, mimi ni mugeni tu, nimekuya kuangalia!"

"Ndiyo Papa, karibu sana mugeni, panda juu!"

Nyuma yetu Coccinelle, ile Volkswagen ya mugongo wa mviringo, ya buluu inapiga klakson, nyuma yake ingine, nyuma yake kamyo ya jenereta, huwezi kurudi, huwezi kugeuka, tukapanda. Batu bakatuingiza katikati ya ile Coccinelle na Citroën 2CV moja safi kabisa, mbele ukuta wa darasa, nyuma kamba, halafu kijana mwingine akabandika karatasi ya namba 17 kwenye parebrize, kioo cha mbele, na kola ya kweli, ile gundi, si skochi, kola.

"Na kutoka ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja Papa, baada ya zawadi."

Na mahari ni saa nane.

Hapa nisimame kidogo nimutetee yule kijana, ju baadaye nilisoma kwa intaneti nikaona hata yeye hakuwa na la kufanya. Kule Marekani kuna chama cha motokari za zamani, AACA, kilianza 1935, na kwao motokari ikifikisha miaka 25 basi, ni antike. Miaka 25! Ukileta hiyo sheria hapa, nusu ya mabusi ya kwenda Ruashi inakuwa urithi wa taifa na kondakta anakuwa konservateri wa muze, mulinzi wa makumbusho. Hao hao ba AACA banakutana kila mwaka mwezi wa kumi mji wa Hershey, Pennsylvania, tangu 1955, na miaka mingi walikuwa banaparki kwenye majani, mvua ikinyesha ni matope mpaka magoti, mpaka ile matope ikawa na jina kuliko motokari zenyewe. Kwa hiyo matope si ya Kongo peke yake, nilifurahi kujua.

Turudi. Mujomba anazunguka anatafuta mukubwa wa pale, mimi nimebaki nalinda kasie, Tantini amekataa kushuka. Kuna matope, ana viatu vya mahari na ana ambulopu, hashuki. Akakaa pale wima kwenye kiti cha katikati na kile kilemba, mukono kwenye dirisha, anaangalia mbele na hasira.

Batu bakaanza kupiga foto.

Mwanzoni mumoja, halafu famiya nzima, halafu bibi na bwana harusi benye walitoka sijui wapi. Nikasikia baba mumoja anaelezea batoto bake: "Munaona, kitambo ba mama walikuwa banavaa hivi wakipanda motokari." Kitambo! Ile super wax ilinunuliwa wiki moja mbele. Mwingine akaniuliza kasie za Simba ni za mwaka gani, nikamwambia za jana, akacheka sana, akasema mumetengeneza vizuri mpaka etiketi.

Tantini hakucheka. Alikaa kimya akaangalia ile laini ya batu, halafu akatoa mukono kwenye dirisha, kiganja juu.

"Foto ni 1000. Na kicheko ni 1500."

Balilipa! Mimi mwenyewe nilikuwa nafikiri batamutukana, lakini balilipa, na batu wakaanza kupanga laini muzuri kuliko ile ya mulangoni, ju hapa angalau kulikuwa mutu mwenye kuongoza.

Mujomba akarudi bila mukubwa lakini na ba jaji, waamuzi wa maonyesho, mama mumoja na ba papa wawili wenye makaratasi. Wakauliza mwaka, 1979, wakaandika. Wakauliza injini ni ya kwake yenyewe? Mujomba wangu ana kasoro moja, haongopi akiulizwa juu ya motokari. Akasema injini ni ya 504 ingine yenye iligongwa njia ya Likasi, bwate vitesi, ile giaboksi, ni ya taksi, radiatere ya Hiace, viti vya nyuma alifunga fundi wa Kamalondo na mbao za kitanda, na ile taa ya kushoto hajui ilitoka wapi, siku moja aliamuka akaikuta. Yule mama akauliza polepole, sasa Papa, cha kwake yenyewe ni nini? Mujomba akafikiri.

"Karte roze."

Wakaandika kitu kirefu sana.

Pale pale njo akatokea mwenye namba 17 ya kweli. Muzee wa kostime nyeupe, nyeupe kabisa, kofia nyeupe, na kuanzia magoti mpaka chini alikuwa rangi ya matofali. Kumbe alikuya na Peugeot 404, imepanguswa mpaka ndani ya bouchon ya esansi, na kijana wa firimbi akaiona inang'aa hivyo akasema hii ni mupya, mugeni huyu, akamutuma kiwanja cha chini. Imezama mpaka mulango.

Alikuwa na hasira ya haki, lakini badala ya kulia namba yake akaanza kutusomesha, ati 404 si motokari ya kufanyiwa hivi, 404 ilishinda Safari, ile rali ya motokari kule East Africa, 1963, 1966, 1967 na 1968. Mujomba akasahau mahari. Akasema 504 ilikuwa motokari ya mwaka Ulaya 1969, na Safari ya 1975 nani alishinda? Ove Andersson! Ndani ya nini? 504! Na 1978? Muzee akasema 1963 mvua ilikuwa mbaya mpaka zilimaliza motokari 7 tu, na ya kwanza kabisa 404. Tantini akatoa kichwa kwenye dirisha.

"Papa, ile ya 1963 ilitoka mu matope ya Kenya nzima, hii yako imeshindwa kiwanja cha batoto ba shule?"

Hapo ikawa kimya, na katika ile kimya tukaelewana: sisi tutoke, tuvute 404, yeye achukue nafasi yake. Land Rover ya zamani ilikuwako pale, lakini mwenyewe alikataa, imepakwa rangi majuzi, haiwezi kuguswa na udongo. Land Rover hiyo. Sina neno.

Lakini ili tutoke, Coccinelle itoke kwanza, na mwenye Coccinelle alikuwa amepiga radio toka asubuhi, batri imekufa. Vijana wakakimbia kusaidia, wakafungua kapo (boneti) ya mbele, wakakuta pine ya sekure, tairi ya akiba, na koti. Mumoja akapiga kelele, "Injini bameiba!" Basi batu wote wakaanza kushika mifuko yao, mama wa sambusa akafunika beseni, polisi wa mulangoni akafunga mulango ili mwizi asitoke, na mwenye Coccinelle anakimbia anapiga kelele iko nyuma, injini iko nyuma, na batu banamujibu tumuangalie nyuma wapi, amekimbilia nyuma wapi! Ilichukua muda. Kwisha tukaisukuma na mikono, kamba ikakatwa, 504 ikatoka.

Kiwanja cha chini, Mujomba akasimama pale udongo ungali mugumu, akafunga kamba ya kuvutia. Gurudumu zenye kuvuta kwa 504 ni za nyuma, kwa hiyo nyuma kunatakiwa uzito. Kasie zilikuwako tayari. Mujomba akakohoa.

"Semeki, nakuomba, rudiko kiti cha nyuma kabisa."

"Juu ya nini?"

"Juu ya... balansi."

"Semeki, unamaanisha nini?"

Mujomba akaangalia mbinguni. Mwishoe Tantini alirudi nyuma, lakini akasema hili litajadiliwa mbele ya famiya, na akamulipisha ile balansi 2000, nikaona kwa macho yangu. Mimi nilikuwa upande wa kusukuma pamoja na muzee wa kostime, yeye nyuma ya gurudumu, nilitaka kumwambia asimame pembeni lakini Mujomba alishakanyaga. Ile 404 ilitoka. Kostime haikutoka. Kofia peke yake ilibaki nyeupe upande mumoja.

Kijana wa firimbi akakimbia mbele yetu, gile imefunguka, anatuonyesha tena: "Papa, juu! Juu!" Mujomba hakushusha hata ile nusu kioo.

Katuba tulifika saa kumi na kitu. Namba 17 bado kwenye parebrize, ile kola haitoki, hata leo. Tuko tunajipangusa tunafikiria uongo wa kusema, njiani mulikuwa ajali, daraja, mukutano, lakini famiya ya binti ilishaona kila kitu, foto ya Tantini ilikuwa inazunguka kwenye WhatsApp ya kartie muzima, chini wameandika "Mama wa 504, miaka ya sabini". Musemaji wao akaweka simu kwenye meza, akaigeuza upande wetu, hakusema kitu.

Amande: kasie mbili na franga elfu thelathini.

Ndugu yangu mudogo akaangalia Mujomba, Mujomba akaangalia mimi, Tantini akafungua sakoshi. Si upande wa ambulopu, upande mwingine. Akamwaga franga za foto kwenye meza, noti za mia tano na za elfu, zimekunjwa, zingine na matope. Musemaji wao ni mutu wa utaratibu, akazinyoosha moja moja, akapangusa, akahesabu, akapotea katikati, akaanza tena. Chakula kilipoa. Alipomaliza akasema inapungua 500.

Tantini akamunyooshea Mujomba kiganja.

"Semeki, balansi."

Mujomba akasema lakini nilishalipa, akasema ile ilikuwa ya kwenda nyuma, bado ya kurudi mbele.