Kipande na kodi ya kiwanja

Wako wasemao mtu haijui dhuluma mpaka imguse. Mombasa wana ushahidi. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi waliwapiga na kuwarushia vitoza machozi watu waliokuwa wakingoja feri Likoni, na saa moja ya usiku, saa ya kafyu kuanza, bado haijafika. Wengi walikuwa wanatoka kazini tu. Miezi miwili baadaye George Floyd akauawa na polisi Minneapolis, na aliyekuwa foleni ile hakuhitaji mkalimani. Ila tusichanganye mambo: Likoni mpigaji na mpigwaji rangi yao ni moja.

Ubaguzi wa asili hapa kwetu uliketi zaidi kwenye dawati la vitambulisho. Kijana wa Kisomali, Kinubi au Kiarabu aliitwa mbele ya jopo, aonyeshe kipande, yaani kitambulisho, cha babake, pengine na cha bibi yake, huku aliyesoma naye darasa moja akichukua chake bila swali. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuukomesha utaratibu huo. Ghadhabu ya dawati lile, naamini, imezaa wanaharakati wengi kuliko semina zote za hotelini.

Lakini upande wa pili ndio unaonivuta: kilichokugusa ndicho unachokiona, kingine unakipita. Nenda Majengo, Mombasa. Watu wamejenga kwa pesa zao juu ya ardhi ya mwingine, nyumba yao, kiwanja si chao, na kodi ya kiwanja haina msamaha. Mzizi mmoja ni sheria ya mwaka 1908 iliyomtaka kila mdai ajitokeze kusajili ardhi yake. Waliosajili walipata hati. Isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, na Wamijikenda wengi wakageuka maskwota kwao wenyewe. Sasa, baadhi ya familia zilizohojiwa asili yao miaka nenda miaka rudi ndizo zenye hati hizo. Mzee asubuhi atafoka juu ya kipande cha mjukuu, jioni apokee kodi bila kujiuliza shamba lilimfikaje babu yake. Hilo hakuna kofi litakalomfundisha, liko masjala ya ardhi.

Na masjala peke yake nayo haimwamshi mtu. Tume ya ukweli, haki na maridhiano iliziandika dhuluma za ardhi za Pwani kwa kirefu mwaka 2013, na ripoti imelala. Nashuku waliokabidhiwa kuitekeleza ni wachache waliowahi kudaiwa kodi ya kiwanja.