Mtaro Haujapata Changamoto, Umevia

Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa mtaa nilihesabu "changamoto" kumi na tisa, kisha nikachoka kuhesabu. Maji changamoto. Taka changamoto. Mbwa wanaozurura usiku, nao changamoto. Tulipofika kwenye ule mtaro uliochimbwa kabla ya masika ukaachwa nusu, mwenyekiti akakohoa kidogo: "Mradi umekumbana na changamoto za hapa na pale."

Bibi mmoja anayeuza nafaka soko la Kilombero, hapa Arusha, akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mwenyekiti mwanangu, huo mtaro umevia."

Chalii aliyekaa nyuma yangu akaangua kicheko. "Bibi anadhani mtaro ni maharage!" Na watu wazima, na akili zao timamu, wakacheka naye.

Hasira yangu mpaka leo haijapoa.

Mnajua maharage yakivia yanakuwaje? Mimi yamenikuta mwezi uliopita. Nimeinjika makande, mkaa ukaisha katikati, nikatoka kutafuta mwingine, njiani nikakutana na jirani, na maneno ya jirani mnayajua yalivyo. Narudi, sufuria imepoa. Nikawasha upya, nikapepea, nikaongeza maji, masaa matatu mazima. Ukilitazama harage, ganda limechanika, unasema hili tayari. Ukiling'ata, ndani kokoto. Usiku ule tulikula mkate na chai.

Haya, lirudisheni hilo neno mtaroni. Kuvia kunakwambia moto uliwahi kuwaka: tulichanga, watu wakachimba. Kunakwambia kuna mtu aliyekuwa jikoni akaondoka. Na kunakwambia kwamba kumwaga lori la kokoto leo, wakati kingo zimeshabomoka, ni kupepea makande yangu. Imwage sufuria, anza upya. Yote hayo bibi kayasema kwa neno moja. Changamoto yenu inasema nini? Imeshuka tu yenyewe kama mvua, haina baba wala mama, na mwenyekiti analala usingizi wake.

Eti neno la jikoni libaki jikoni. Basi wapite pale kwenye Mnara wa Azimio la Arusha wakatafakari. Mwaka 1967 nchi nzima ilikuwa ikizungumzia unyonyaji, neno lililotoka kwenye ziwa la mama, na mtu akiitwa kupe hakuna mfugaji wa huku aliyehitaji mkalimani. Juzi juzi tu, kuchakachua kulikuwa mambo ya mafuta ya taa kwenye dizeli. Ulipofika uchaguzi wa 2010, watu wakawa wanalalamika kura zimechakachuliwa, na sikumbuki chalii yeyote akiuliza kura zinaingiaje kwenye tangi.

Sawa, changamoto lina kazi yake, sitabisha sana. Kupanda Meru ni changamoto. Hesabu za mwanangu ni changamoto, yake na yangu. Na siku kila kitu kikianza kuvia, hadi bando la simu, mtanikuta nimehamia upande wa pili.

Jana muhtasari wa mkutano umebandikwa kwenye ubao. Nimeusoma wote, mstari kwa mstari, nikimtafuta bibi. Yupo, kipengele cha saba: "Mjumbe mmoja alifafanua zaidi changamoto ya mtaro."