Makanisa huru na miavuli: mchungaji anahitaji wenzake, lakini kwa kulazimishwa?

Tangu mambo ya Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikufa kwa kufunga kula, yajulikane Aprili 2023, kila mjadala kuhusu makanisa huru hapa Kenya naona unaishia pale pale, kwamba hawa wachungaji wa kujitegemea wawekwe chini ya miavuli, yaani kila kanisa liwe mwanachama wa umoja unaotambulika na lisilo nao lisipewe cheti cha usajili. Jopokazi la Rais lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi lilikabidhi ripoti yake Julai 2024 na hilo wazo la miavuli likazidi kupata nguvu, na tangu hapo wachungaji ninaowajua wamegawanyika kabisa, wengine wanasema afadhali, wengine wanasema hii ni njia ya kutufunga midomo. Mimi nimekulia kwenye kanisa huru, baba yangu mdogo bado anachunga kanisa la mabati mpaka leo, kwa hiyo hili jambo silisomi kama habari ya gazeti tu.

Wacha nianze na wanaotaka miavuli maana hoja yao si ndogo hata kidogo. Pale Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, na Paul Mackenzie hakuibuka ghafla, alihubiri Malindi miaka na miaka, akaambia wazazi watoe watoto shule, akakamatwa zaidi ya mara moja, na wakati wote huo hakukuwa na mtu hata mmoja mwenye kiti karibu yake na mamlaka ya kumwambia ndugu hapo umepotea, simama. Kwenye kanisa lenye askofu, padri au mchungaji akizidi anahamishwa au anasimamishwa. Kwenye kanisa huru mara nyingi mwanzilishi ndiye mwenyekiti, mke wake ndiye mweka hazina, wadhamini ni shemeji zake, sasa mshirika akiona jambo si sawa anapeleka wapi? Hana pa kupeleka. Anaondoka kimya kimya, na wanaobaki ni wale wasiouliza, na hapo ndipo hatari inapoanza kukua.

Alafu kuna upande ambao watu hawauongelei, upweke wa mchungaji mwenyewe. Chukua mchungaji wa kawaida, washirika hamsini sitini hivi, kodi ya ploti inadaiwa, Jumatatu mpaka Ijumaa yuko na bodaboda au anauza mitumba, usiku simu inalia mshirika amefiwa, Ijumaa kuna kesha, Jumapili watu wanataka neno. Nani anamchunga yeye? Ndoa yake ikitikisika hawezi kuwaambia washirika, akiishiwa imani wiki mbili hawezi kupanda madhabahuni akasema. Hata Musa mikono ilimchoka pale vitani na Amaleki mpaka Haruni na Huri wakaja kuishika, huku upande na kule upande, na huyo ni Musa.

Nimeuona umoja wa wachungaji unavyofanya kazi ukiwa mzuri. Wa kina baba mdogo wanakutana Jumatatu asubuhi, wanazunguka, wiki hii kanisa la huyu wiki ijayo la yule, chai ya thermosi na mandazi, daftari la michango liko mezani na ambaye hakuja anatuma kwa M-Pesa. Mama mchungaji akilazwa kuna mtu anakwenda kuhubiri pale Jumapili ili mume akae hospitali bila kuwaza madhabahu. Kijana akija mtaani anasema ameitwa, wanamuuliza nani alikuwekea mikono, na wanapiga simu kweli kuuliza. Lakini kilichonifanya niuheshimu ule umoja ni hiki. Mwenzao mmoja alianza kuhubiri kwamba ukishaombewa dawa ni kukosa imani, na mama mmoja wa kanisa lake akaacha dawa za sukari. Wazee watatu wa umoja walikwenda nyumbani kwake jioni, hawakumpigia kelele, wakakaa naye kwa maombi na maneno mpaka usiku, alafu kesho yake wakamchukua wakaenda naye wote kwa yule mama, na ni yeye mwenyewe mchungaji aliyemwambia rudia dawa zako. Jumapili akasema mbele ya kanisa. Hakuna afisa wa serikali angeweza kufanya hiyo kazi, maana hakuna ambaye angejua mapema hivyo, wale wazee walijua kwa sababu mke wa mmoja wao yuko chama kimoja na binti wa yule mama.

Sasa upande wa pili. Wanaopinga wanauliza swali rahisi ambalo sijasikia likijibiwa vizuri: Mackenzie alikosa cheti? Hakukosa. Good News International Ministries lilikuwa kanisa lililosajiliwa, usajili ulifutwa Mei 2023 watu wakiwa wameshakufa. Polisi walimjua, mahakama ilimjua, msajili alikuwa na faili lake. Kwa hiyo karatasi ilikuwepo, kilichokosekana ni watu kufanya kazi juu ya kile walichokuwa wanakijua tayari. Ukiongeza karatasi nyingine ya mwavuli juu ya ile ya msajili umeongeza nini hasa?

Na kuna Katiba. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu, hicho watu wengi wanakijua, lakini kisichotajwa sana ni cha 36, kinachosema mtu asilazimishwe kujiunga na chama cha aina yoyote. Sasa ukisema kanisa lisilo na mwavuli halitambuliki, hiyo ni kulazimisha au si kulazimisha? Nadhani yeyote atakayekwenda kortini na hicho kifungu atakuwa na kesi nzuri sana. Tukumbuke pia 2016 serikali ilileta kanuni za kubana makanisa, vyeti vya theolojia vikiwemo, makanisa yakapiga kelele, makubwa kwa madogo, na Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta akaagiza zirudishwe kwenye mashauriano upya.

Historia nayo iko upande wao. Makanisa huru ya huku mengi yalizaliwa kwa kukataa kuwekwa chini ya mtu. Kule kwa Wakikuyu mzozo wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana ulitoa watu kwenye makanisa ya wamishonari kwa wingi, wakaanzisha shule zao na makanisa yao wenyewe (kuhusu tohara yenyewe walikuwa wamekosea, ila kiu ya kujiongoza ilikuwa ya haki). Hata hivyo hao hao walioogopa kutawaliwa hawakukataa kushirikiana, na hapa ndipo naona wapinzani wa miavuli wanasahau nusu ya habari. Mwaka 1978 viongozi wa makanisa ya Kiafrika walikutana Cairo wakikaribishwa na Wakoptiki, yaani kanisa la kale la Misri, ukazaliwa umoja wa OAIC, wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe, ambao makao yake yako Nairobi, na moja ya mambo waliyoyashika ni mafunzo ya wachungaji kwa njia ambayo mtu anasoma akiwa nyumbani kwake, bila kuacha shamba wala kanisa. Walijiunga kwa hiari kwa sababu walipata kitu walichokihitaji.

Wanaotaka sheria kali wanapenda kutaja Rwanda. Mwaka 2018 Kigali zilifungwa nyumba za ibada zaidi ya 700, ikaja sheria inayomtaka anayeongoza kanisa kisheria awe na digrii ya theolojia na wakapewa miaka mitano, na 2024 zikafungwa tena maelfu nchi nzima. Sitasema yote ni mabaya, kuna majengo yalikuwa hatari kweli kwa watu kukaa ndani. Lakini ukiangalia sababu nyingi ni jengo, choo, kelele, na hayo unaweza kuyatimiza yote ukiwa na kanisa zuri la vigae huku unahubiri sumu. Na mzee aliyechunga watu miaka 30 bila digrii amezikosa sifa kwa siku moja.

Kuna jambo moja linaloipa hoja ya miavuli nguvu kuliko hata wenyewe wanavyolitumia, nalo ni pesa za wanasiasa. Novemba 2024 Rais Ruto alitoa zaidi ya milioni 2 kwenye kanisa Katoliki la Soweto hapo Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo wa jimbo la Nairobi akasema zirudishwe. Padri wa parokia hakuhitaji kukataa peke yake, nyuma yake kulikuwa na kanisa zima. Sasa mchungaji wa mabati mwenye deni la ploti akiletewa bahasha na mheshimiwa Jumapili kamera zikiwa mbele yake, atakataa akiegemea nani? Umoja wenye msimamo mmoja kwamba sisi hatupokei ungemwokoa. Shida ni kwamba hii miungano mingi ya wachungaji ndiyo wanasiasa huitafuta kwanza wakati wa kampeni, maana ukimpata mwenyekiti umepata makanisa 40 kwa kikao kimoja, kwa hiyo ukiukuza umoja na kuupa mamlaka ya kutoa vyeti umemrahisishia mheshimiwa kazi. Na vyeti vikishakuwa lazima vitauzwa, tayari kuna watu wanawekewa uaskofu kwa kulipia, kila mtu wa makanisa haya analijua hilo.

Ukiniuliza mimi, naegemea umoja, kwa nguvu, lakini ule mdogo wa wanaojuana, wa hiari, na wenye kitu ambacho miungano mingi haina mpaka leo: mlango wa mshirika wa kawaida kuleta malalamiko bila mchungaji wake kujua kwanza. Bila huo mlango umoja unageuka wa wachungaji kufichiana. Na mtoto aliyetolewa shule au kunyimwa chakula hilo si la umoja wowote, hilo ni la polisi na maafisa wa watoto siku hiyo hiyo, wala lisingoje kikao cha Jumatatu.

Kabla sheria yoyote haijapita kuna swali nataka walijibu wanaoiandika. Wachungaji wanawake. Makanisa huru mengi sana yameanzishwa na akina mama, na miungano mingi ya wachungaji haiwapokei, wanaambiwa walete mume au wakakae na idara ya akina mama. Leo mama kama huyo anaendelea tu na kanisa lake, watoto wanafundishwa, wajane wanalishwa. Mwavuli ukiwa lazima na miavuli yote iliyo karibu naye imemkataa, hilo kanisa litafungwa kwa kosa gani?