Fundi bomba mpya aupate wapi huo uzoefu?

Inakera sana kumwona kijana aliyehitimu ufundi bomba katika chuo cha ufundi stadi cha VETA, mwenye cheti chake mkononi, akizunguka Dar es Salaam nzima bila kazi kwa sababu kila saiti anayobisha hodi anaulizwa uzoefu wa miaka mitatu. Akibahatika kupokelewa, anaingizwa kama saidia fundi: anachimba mitaro, anapandisha mabomba ghorofani na kutumwa maji ya kunywa, huku ufundi wenyewe akiutazama kwa mbali.

Kinachoniuma zaidi ni suala la vifaa. Anaambiwa aje na spana zake, msumeno, na mashine ya kuunganishia mabomba ya plastiki ya PPR, ile inayopashwa moto hadi nyuzi 260 ndipo bomba na kiungio vilainike na kushikana. Mtu ambaye hajawahi kulipwa hata ujira wa siku moja atainunua kwa fedha gani? Tena kazi hiyo haifundishiki kwa maneno matupu, kwani bomba likizidishiwa sekunde chache tu kwenye moto, plastiki hujikunja kwa ndani na kubana njia ya maji. Ni lazima mkono uzoee, chini ya jicho la fundi mkuu.

Wakandarasi hao hao ndio wanaolalamika kwamba mafundi wazuri wameadimika. Basi wampe kijana huyu bafu moja alifanye mwanzo hadi mwisho, mabomba yapimwe kwa presha kabla ya ukuta kupigwa plasta, kisha wamlipe haki yake.