Mkalimani wa Miaka 16

Kijana aliyezaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kigoma, Tanzania, iliyoanza kupokea Wakongo mwaka 1996, akihamia Marekani na wazazi wake haichukui muda kabla hajawa mdomo wa nyumba nzima. Barua ya mwenye nyumba anaisoma yeye. Simu ya shule anaipokea yeye, hata mwalimu anapopiga kumshtaki yeye mwenyewe (na siku hiyo tafsiri huwa tamu ajabu). Ndiyo maana wazo la kuwafunza vijana hawa ukalimani wa kijamii, yaani kufasiri mazungumzo ya watu shuleni, hospitalini na ofisini, linavutia: kazi wanaifanya tayari, basi waifanye vizuri.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kanuni za kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya Marekani zinakataza hospitali kumtegemea mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura na mkalimani mwenye sifa hapatikani upesi. Vyeti vya ukalimani wa hospitali navyo vinataka umri wa miaka 18 na mafunzo ya saa 40. Sheria hizi zina akili. Mama anatokwa na damu isiyo ya kawaida. Amwelezeje daktari kupitia kinywa cha mwanawe wa kiume? Kwetu mambo hayo yana wenyewe: somo, shangazi, bibi. Mama ataficha nusu, mtoto kwa haya ataficha robo, na daktari atatibu kilichosalia.

Pia kuna suala la ujira. Ofisi ikisikia kuna vijana waliofunzwa, itaona hasara kumlipa mtu mzima. Amri ya Rais Clinton ya mwaka 2000, iliyozitaka idara za serikali kuu ziwajali wasiojua Kiingereza vizuri, ilifutwa Machi 2025. Kishawishi cha kuwatumia vijana kimeongezeka.

Lakini katazo la hospitali halimfuati mtoto dukani, wala kwa mwenye nyumba. Huko ataendelea kufasiri, na asiyefunzwa hubuni. Neno lisipomjia, hulipachika jingine na kusonga mbele, maana hakuna aliyemwambia kwamba mkalimani anaruhusiwa kusema, “Samahani, hilo silijui.”

Tena upungufu wake mkubwa mara nyingi ni Kiswahili. Figo na kongosho alizisoma kwa Kiingereza darasani. Kiswahili alichobeba ni cha jikoni na uwanjani. Halafu ni Kiswahili cha nani? Mkenya akisema ana homa, huenda ni mafua tu. Mtanzania akisema hivyo, mwili unachemka. Munganga wa Mkongo yuko hospitalini amevaa koti jeupe. Mganga wa Mombasa huenda ana tunguri. Na vile vyeti vya kitaifa vya ukalimani wa hospitali havina hata mtihani wa kuzungumza wa Kiswahili, kwa hiyo mafunzo ya mapema yanaziba pengo la kweli.

Mimi naona wafunzwe, na walipwe, ila waanzie maktabani na kwenye vikao vya wazazi shuleni, wakiwakalimania wazazi wa wengine. Hospitali na mahakama zingoje miaka 18. Sentensi ya kwanza ya Kiingereza ya kukaririshwa iwe hii: mama anaomba mkalimani wa simu, anayejua Kiswahili cha Kongo, na mimi nitasubiri nje.